Mkono Uliowasha Pampu

Merrylands, Sydney

Mdogo wangu Mwamini, mama Safari,

Nakusalimu. Magoti yako bado yanakusumbua? Yule mbuzi mwekundu alizaa? Paa la jikoni walikuja kulirekebisha, au bado unapika mvua ikikunyea mgongoni? Nauliza kwa sababu nataka kujua, si kwa sababu barua lazima ianze hivyo. Simu zangu huzipokei, kwa hiyo sijui hata kama unakohoa. Sisi huku tunapumua. Nikisema tuko wazima nitakuwa nimekudanganya, na leo sikukaa hapa kukudanganya.

Barua hii inaletwa kwa mkono na mke wa mchungaji wetu, anayekuja huko kumzika mama yake. Anayeandika ni Mercy, nesi Mkenya wa nyumba ya pili. Unajua mimi shule niliipita kwa nje tu, na mzigo wa muhogo kichwani. Wajukuu wanasikia Kiswahili lakini wananijibu kwa Kiingereza, kukiandika hawawezi. Na hata wangeweza, haya si maneno ya kumwandikisha mtoto juu ya baba yake. Kiswahili cha Mercy kimenyooka kuliko changu. Ukisikia neno limevaa tai, hilo ni lake. Matusi ni yangu. Binti wa jirani anayekusomea asome polepole, na asiruke kitu kwa kukuonea huruma.

Ile sauti uliyoituma kwenye simu ya mwanangu Amani niliisikia. Nilikuwa namenya viazi. Amani alikuwa amekaa mezani, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, sahani mbele yake. Akabonyeza, ukatoka wewe.

"Titi hili ulilolinyonya, Amani, mama yako akiwa amelala na jeraha la panga mgongoni, maziwa yake yamekata, titi hilo nalishika sasa. Umemtoa mwanangu jicho. Chakula kikukatae. Mikono yako ishike upepo. Usinizike, nami sitakuzika."

Aliisikiliza mara tatu, Mwamini. Mara ya tatu nikamnyang'anya simu. Akainuka, akaimwaga ile sahani, akaiosha, akaipanga. Tangu siku hiyo ni miezi mitano, na mwanamume yule aliyekuwa akimaliza sufuria ya ugali sasa anakula kama kifaranga, na hicho kidogo anakitapika. Madaktari wamempima damu, wamempima tumbo, wamempitisha kwenye mashine kama mkate. Hawaoni kitu. Mimi nakiona. Shingo yake imebaki mishipa mitupu. Mke wake analia bafuni, anafungua bomba nisimsikie.

Sasa nisikilize. Umemlaani mtu siye. Kosa analo, na nitakuambia lote bila kulipunguza. Lakini jicho la Safari halikutolewa na mkono wa Amani. Pampu niliiwasha mimi.

Mercy ameacha kalamu, ananiangalia. Nimemwambia andika, mama, utashangaa baadaye.

Unajua kazi ya Amani na Safari ilikuwa pisini, mabwawa ya kuogelea. Watu wa huku wana maji nyuma ya nyumba, maji ya kutosha mtaa wetu wote, na hayanywi mtu. Wanajitumbukiza wiki mbili za joto, basi. Lakini ukiyaacha bila kuyatunza yanakuwa kijani kama mavi ya ng'ombe. Kwa hiyo kuna pampu inayoyanyonya, na kuna chujio, pipa la plastiki ngumu linalonifika kiunoni. Ndani ya pipa mna kitambaa kigumu chenye mikunjo mikunjo, kama akordioni ya kwaya. Pampu inayasukuma maji yapite kwenye mikunjo, uchafu unabaki, maji yanarudi safi. Mikunjo ikijaa uchafu, maji yanakosa njia, na mshale wa kile kipimo cha juu unapanda. Hapo ndipo watu huita Amani.

Mimi nilikuwa naenda nao. Nyumbani nifanye nini, nihesabu vigae? Nilimwambia Amani, nipe kazi ama nitakufa nimekodolea televisheni. Akanipa swichi. Ilikuwa kazi ya kunifurahisha bibi, najua, lakini niliishika kwa mikono miwili. Amani akisema "Mama, zima," nazima. Anafungua kikoki kidogo juu ya pipa, hewa inatoka ikilia kama nyoka, mshale unashuka mpaka chini kabisa. Ndipo anafungua ile pete ya chuma inayobana kifuniko. Safari anatoa akordioni, anaipiga maji ya mpira kati ya mikunjo, juu kwenda chini, mpaka yatoke meupe. Kisha wanarudisha, wanapaka grisi kwenye mpira wa kifuniko, wanakaza pete, wanaigonga pembeni kwa nyundo ya mpira ikae sawasawa. Kikoki kinaachwa wazi. Halafu Amani anasema, kila siku, kila nyumba, hata nikamwambia nimechoka kukusikia:

"Safari, ondoka hapo. Mtu asisimame juu ya pipa. Mama, washa."

Niliyajua hayo kama Baba Yetu uliye mbinguni. Usije ukasema dada yangu hakujua, maskini, hakusoma. Nilijua.

Lakini kuna siku moja, mwanzoni kabisa, Safari aliweka kifuniko bila pete, akaenda kujibu simu. Mimi nikasikia sauti ya nyumba ya jirani, mtu anamwambia mkewe sijui nini kwa Kiingereza, nikadhani ni "washa," nikawasha. Maji yakainua kile kifuniko kama sufuria inayochemka, yakaruka, yakamlowesha Amani kuanzia kichwani hadi kwenye soksi. Tulicheka mpaka Safari akakaa kwenye nyasi. Hiyo ndiyo picha niliyobaki nayo kichwani: kifuniko kikiwa bila pete, pampu ikiwashwa, watu wanalowa. Basi.

Siku yenyewe tulikuwa kwa bibi mmoja mzungu, karibu na Port Botany, makontena yanaonekana kutoka uani kwake. Jua lilikuwa linaua. Nilizima, nikakaa kwenye kivuli cha ukuta kando ya swichi, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye pipa. Mtini ulikuwa katikati, sikuwa naona mikono yao vizuri. Nilikuwa naona vichwa na mabega.

Walivyoanza niliambiwa baadaye. Safari alirudisha akordioni, akaweka kifuniko, akaifunga pete nusu, kikoki akakisahau kimefungwa. Simu ilikuwa sikioni. Amani akaja akaitikisa pete.

"Hiki umekifunga au umekivika kofia?"

"Yaya, namalizia." Unajua alivyokuwa akimwita yaya, kaka mkubwa, tangu wakiwa watoto.

"Unamalizia na simu sikioni? Miezi minane nakufundisha. Hata punda angekuwa ameshakuwa fundi."

Kuanzia hapo kwenye punda nilisikia mwenyewe, kwa sababu Safari aliitupa ile simu na kupiga kelele.

"Punda ni baba yako! Baba yako aliyekimbia akamwacha wangu mlangoni na mapanga!"

Mwamini, mimi na wewe tunajua. Mumeo ndiye aliyemwambia mume wangu, chukua watoto upite nyuma, mimi nawazuia. Tulilisikia sote wawili. Hatukuwaambia vijana kwa sababu mdomo wetu ulikataa, na katika kile kimya chetu wakaokota uongo, wakaulea. Hilo ni letu, mimi na wewe, tutagawana.

Amani akampiga kofi. Si kofi la kaka, ni kofi la kuangusha. Safari akaanguka kwenye ndoo ya dawa ya maji, akainuka na ile fimbo ndefu ya kusafishia, akampiga nayo Amani shingoni, ikavunjika. Akampiga na kipande kilichobaki. Damu ikatoka sikioni. Nikapiga kelele, "Nyie wanaharamu, mnauana mbele yangu?" Hawakunisikia. Bibi mzungu akatoka na aproni, naye akapiga kelele, mbwa wake akabweka. Amani akamshika Safari kiunoni, akambeba kama gunia, akamlaza kwa mgongo juu ya pipa. Akamshika koo. Mikono miwili.

Hilo silifichi. Mwanangu alimkaba mwanao. Nilimwona uso. Hakuwa Amani. Alikuwa na ule uso tulioukimbia kwetu, ule wa wale watu walioingia mlangoni, na ulikuwa kwenye kichwa cha mtoto niliyemzaa. Miguu ya Safari ilikuwa inapiga teke hewani, kiatu kimoja kikatoka.

Nilikuwa na nini mimi? Magoti mabovu, hatua kumi na tano, na swichi. Kwetu mbwa wakishikana huingizi mkono kati yao. Unamwaga maji, wanaachana. Nikajiambia, kifuniko bado hakijabanwa pete, kama siku ile, nitawamwagia maji ya baridi usoni, wataachana. Ile sheria ya mtu asisimame juu ya pipa niliiona ikipita mbele ya macho yangu. Nikaiacha ipite. Nikawasha.

Pampu ikakoroma. Nikasubiri maji yaruke. Hayakuruka. Ningezima hapo, Safari angekuwa na macho mawili leo. Sikuzima. Nilikuwa nimekasirika, Mwamini, nilitaka walowe, nilikuwa nasema kwa meno, rukeni, rukeni. Kumbe pete ilikuwa imeshika nusu, hewa imefungiwa humo ndani na maji yanaikandamiza kutoka chini.

Ikapasuka.

Huo mlio unaujua. Hakuna mtu wa kwetu asiyeujua. Mimi kabla sijafikiri nilikuwa chini, tumbo kwenye simenti, mikono juu ya kichwa, nasubiri wa pili. Kwa sababu huja wa pili, sivyo? Nikaungoja. Mwanao anavuja damu hatua kumi na tano kutoka kwangu, na mimi nimelala nangoja bomu la pili katika uwanja wa bibi wa kizungu. Aibu hiyo siimezi.

Nilipoinua kichwa, kifuniko kilikuwa juu ya paa la majirani. Pete ya chuma ndiyo iliyomkata Safari. Alikuwa amegeuza kichwa, ikapita upande wa kushoto. Sitakueleza nilichokiona pale jicho lilipokuwa. Umemzaa, hutakiwi kuwa nacho. Mkono wa Amani ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo. Pampu ilikuwa bado inatapika, maji yanakimbia kwenye vigae yakiwa mekundu, yanaingia kwenye pisini, na pisini ikaanza kubadilika rangi kule pembeni.

"Mama, zima! Mama!"

Nilikuwa siwezi. Amani akaja kwa magoti, mkono ukining'inia, akazima mwenyewe. Akaniangalia. Akaiangalia swichi. Akarudi, akavua shati kwa meno na mkono mmoja, akaubana uso wa ndugu yake, akamweka kichwa mapajani. Watu wa ambilansi walipokuja ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja, hataki kumwachia.

Walipomuuliza nani aliwasha, akasema, "Ina saa ya kujiwasha yenyewe. Nilisahau kuitoa. Kosa ni langu." Watu wa serikali wanaopeleleza ajali za kazini walikuja, akawaambia hayo hayo. Hospitali hayo hayo. Mke wake hayo hayo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na mkoba wangu mapajani, nikanyamaza. Wamemzuia kazi. Nikanyamaza. Wewe ukashika titi. Nikanyamaza, Mwamini, miezi mitano, namwona mwanangu anakonda kwa laana isiyo yake na ninampikia mchuzi! Mchuzi!

Jumapili iliyopita kwenye ibada aliinuka kuimba, akaanguka kati ya viti. Alipoanguka hakutoa hata mlio, alikuwa mwepesi hivyo. Nikamwinua. Mimi, na magoti haya, nilimwinua mwanamume wa miaka arobaini na mmoja. Hapo ndipo niliposema basi.

Kabla sijakuandikia wewe nilienda kwa mwenye jicho. Mercy alinipeleka Ingleburn kwa gari, akabaki nje. Safari alikuwa jikoni anamkatia mtoto chapati. Amenenepa kidogo, usihofu. Wamemwekea jicho la bandia, zuri, lakini haligeuki na mwenzake. Mke wake anamtunza vizuri, mwambie hivyo mama mzazi wa huyo mke, anayekuja kukulalamikia. Nikamwambia mke atoke na mtoto. Nikasimama, sikukaa.

"Safari, pampu haikujiwasha. Niliiwasha mimi."

Akaendelea kukata chapati. Chapati ilikuwa imeshakatwa, anaikata tena.

"Mama mkubwa, najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nimelala pale juu, Amani amenikaba, nimegeuza kichwa natafuta hewa. Nikakuona. Ulikuwa na kile kitenge chako cha samaki. Mkono wako ulikuwa kwenye swichi." Akagusa shavu la upande ule. "Wewe ndiye kitu cha mwisho jicho hili lilichokiona."

Nikashika friji. Nikamwambia, na ukajua, ukamwacha mama yako amlaani ndugu yako?

"Alinikaba, mama mkubwa. Alitaka kuniua. Ningemsaidia kwa nini?"

Nikampiga kofi. Nakuambia mwenyewe kabla hajakuambia. Nilimpiga upande wa jicho zima, kwa mkono ule ule. Kisu kikaanguka. Akainua ngumi, mwanao, aliinua ngumi juu ya kichwa changu, na nikamwambia piga, nastahili, piga vizuri usinibakize. Ngumi ikakaa pale juu. Kisha akalia. Lile la bandia nalo linatoa machozi, ulijua? Nilikuwa sijui. Tukakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, amenilalia begani kama siku zile za kambini alipokuwa na surua, na mimi nikampapasa kile kichwa kikubwa cha baba yake.

Nikamwambia ukweli wa mlangoni, baba yake alivyosema. Kama ulikuwa unaungoja mdomo wako, samahani, wangu umetangulia. Halafu akasema, "Basi yaya hana deni langu la baba. Ana la koo tu." Nikamwambia la koo mtamalizana wenyewe, mnajuana. Akasema la koo ameshaanza kulisahau, ila akimeza. Akasema pia: "Lakini laana sikuitamka mimi. Siwezi kuitoa. Mwenye titi ni mama."

Ndiyo maana nimekuja kwako.

Watu wa serikali nitawaambia Jumatatu, Mercy amekubali kunisemea Kiingereza. Wakinifunga, wanifunge, wanasema magereza ya huku yana mablanketi. Amani hajui kwamba nakuandikia. Angejua angeichana barua.

Mimi sikuombi unisamehe. Sitaki hata uharakishe. Unichukie kwa raha zako, nimemtoa mwanao jicho, na nilikuwa na akili timamu na sheria nilikuwa naijua. Lakini laana uliitupa ikampata aliyesimama karibu. Ihamishe. Chota maji, osha lile titi alilonyonya, tema mate chini, ulitaje jina lake, useme imetoka kwa Amani. Kisha utaje langu kama moyo wako unataka. Nimeshaishi, nimeshakula, likinikataa tumbo si hasara. Yeye ana watoto watatu na shingo kama ya kuku.

Fanya upesi. Sikuambii hivyo kukutisha. Nimemwinua kwa mikono yangu, najua uzito wake.

Nisalimie kaka yetu mwenye mguu mmoja, umwambie dada yake bado ana mdomo. Nisalimie mkwe wako anayeuza mafuta ya mawese, na shangazi wa pale kisimani kama bado anatambua watu. Mwalimu wa kwaya aliyetuozesha usimsomee barua hii, msalimie tu. Mercy naye anakusalimu, amelowesha karatasi, herufi zikitapakaa ni machozi yake, si mvua ya paa lako.

Na ukipata nguvu ya maneno mawili tu, usinitumie mimi. Mtumie Amani. Simu yake iko wazi, anaiweka kando ya sahani.

Dada yako mkubwa,
Nabintu